Kidonda cha paka kinachofunga juu na kuoza ndani: mwongozo kamili wa kukiuguza nyumbani

Wanaonijia na kidonda cha paka huwa na kisa kimoja. Paka alitoka usiku, akapambana na paka shume wa mtaani, akarudi akichechemea. Siku ya tatu ukatokea uvimbe shavuni, mguuni au karibu na mkia. Daktari wa mifugo akaupasua, akautoa usaha, akaosha, akatoa dawa. Nyumbani, siku mbili tu, kidonda kikakauka na kigaga kikashika. Mwenye paka akashusha pumzi. Wiki haijaisha, uvimbe uko palepale, na safari hii unanuka.

Mwongozo huu ni wa siku 10 hadi 14 zinazofuata baada ya daktari kulipasua jipu. Kama paka wako ana uvimbe ambao haujapasuliwa, mpeleke kwanza. Usiutumbue kwa wembe wala sindano: utamuumiza, na usaha unaweza kusukumwa ndani zaidi.

Kabla ya yote shika jambo hili. Jino la paka ni jembamba na refu. Linaingia ndani sana, linaacha tundu dogo, na tundu hilo huziba haraka huku vijidudu vimebaki chini ya ngozi. Ndiyo maana daktari huacha kidonda wazi bila kukishona. Kinatakiwa kujaa kuanzia chini kuja juu, na ngozi ifunge mwisho. Ngozi ikitangulia, usaha hauna pa kutokea. Kila hatua hapa chini inalinda mpangilio huo.

## Vifaa: viandae kabla ya kumshika paka

- Maji ya chumvi. Rahisi zaidi ni chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa. Ukitengeneza mwenyewe, chemsha maji nusu lita, tia robo tatu ya kijiko cha chai ya chumvi, koroga, funika yapoe. Yakilala zaidi ya siku moja, mwaga, tengeneza mengine.
- Povidoni ayodini (dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda) ya asilimia 10, ile ya kawaida isiyo na sabuni. Haitumiki bila kuzimuliwa.
- Gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kusafishia vidonda. Pamba siipendi kwa kazi hii, maana nyuzi zake hubaki ndani ya kidonda.
- Mabomba mawili ya sindano ya mililita 10 au 20, bila sindano zake. Moja la kuoshea, jingine la kunyweshea maji.
- Glovu, au sabuni na maji ya kutosha.
- Kanga ya zamani au taulo la kumfunga.
- Kola ya koni ya kumzuia asijilambe.
- Magazeti ya zamani yaliyochanwachanwa, ya kuweka kwenye beseni la choo chake.
- Simu, kwa ajili ya picha ya kidonda kila siku.

## Vitu vya kuondoa kabisa karibu na paka huyu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona paka wanakufa kwa dawa ilhali kidonda chenyewe kilikuwa kinapona.

Panadol na parasetamoli yoyote. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hii kama la mtu. Inaharibu damu mpaka ishindwe kubeba hewa: ufizi unageuka rangi ya kahawia au kijivu, uso na miguu vinavimba, paka anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na nusu yake pia inaweza. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ziache. Paka akiwa na maumivu, daktari anazo dawa zake na anajua kipimo.

Dettol na dawa za aina yake, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa kwenye maji. Zina kemikali za jamii ya fenoli. Paka akizilamba kutoka kwenye manyoya zinamchoma mdomo na kumdhuru ndani. Hata ukizimua, siyo dawa ya paka.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi. Lile povu la peroksaidi linawadanganya wengi, wakadhani uchafu unatoka. Kinachochomwa ni pamoja na nyama changa unayoisubiri. Ukiitumia kila siku, kidonda hakisogei.

Mafuta ya karafuu. Najua kwetu pwani karafuu ni dawa ya mambo mengi. Kwa paka mafuta yake ni sumu, na hali kadhalika mafuta ya mti wa chai. Mwarobaini na utomvu wa shubiri navyo usimpake, kwa sababu chochote unachopaka paka atakila.

Dawa za kunyunyizia mbwa au ng'ombe dhidi ya viroboto na kupe. Nyingi zina pemethrini au kemikali za jamii yake, ambazo humtetemesha paka na kumtia degedege. Watu huzinyunyiza karibu na kidonda ili kufukuza nzi. Usifanye hivyo kamwe.

Majivu, unga wa kahawa, oili chafu, mafuta ya taa, na krimu za binadamu. Vya mwanzo vinaziba tundu na kuingiza uchafu. Krimu nyingi za ngozi zinazouzwa ovyo madukani zina steroidi, ambayo huchelewesha kidonda kufunga. Kuhusu asali: madaktari wapo wanaoitumia, lakini ni asali iliyoandaliwa kwa vidonda. Ya jikoni iache jikoni mpaka daktari wako aseme.

## Hatua ya 1: Mfungie ndani, chumba kimoja

Chagua chumba kisicho na vumbi jingi, chenye pa kulala, maji, chakula na beseni la choo. Weka chakula na choo mbali kwa mbali, la sivyo atagoma kula.

Kwenye beseni ondoa mchanga, majivu au maranda ya mbao, weka magazeti yaliyochanwa. Chembe za mchanga hunata kwenye kidonda chenye unyevu.

Dirisha liwe na wavu. Nzi anaweza kutaga kwenye kidonda leo, na kesho ukakuta mabuu. Kama huna wavu, funga dirisha mchana na umpe hewa kwa mlango wa ndani. Dawa ya mbu ya kupuliza usiitumie chumbani humo.

Atalia mlangoni, hasa usiku wa kwanza. Usimfungulie.

## Hatua ya 2: Mvalishe kola, na usiivue

Kama ningeruhusiwa kusisitiza hatua moja tu, ingekuwa hii. Wazee wetu husema mwache ajilambe, mate yake ni dawa. Sivyo. Ulimi wa paka una ncha ngumu ndogo zilizopinda kuelekea kooni; ukikulamba mkononi unasikia kama msasa. Ulimi huo ukipita mara mia juu ya nyama changa unaing'oa, na mdomo ule ule ndio uliojaa vijidudu vinavyosababisha majipu.

Kola sahihi inapita pua kwa sentimita 2 au 3. Shingoni, vidole vyako viwili vipite kwa ulaini: ikibana anakabwa, ikilegea atapenyeza mguu wa mbele akwame.

Ukiikosa dukani, kata filamu ya zamani ya eksirei au jalada la faili la plastiki kwa umbo la nusu duara, likunje liwe koni, toboa na ufunge kwa utepe wa kitambaa. Kingo zote zizungushie plasta ili zisimkate. Kidonda kikiwa kifuani au mgongoni, mkono wa fulana ya zamani uliotobolewa matundu ya miguu unafaa kama nguo, mradi uubadilishe kila unapolowa.

Saa za mwanzo atatembea kinyumenyume, atagonga kuta, atajilaza kama aliyekata tamaa. Wengi hapa huingiwa na huruma, wakaivua. Mimi mwenyewe niliwahi kuivua usiku mmoja ili paka wangu alale vizuri, na asubuhi nikakuta kidonda cha siku sita kimerudi kuwa cha siku ya kwanza. Kwa kawaida anazoea ndani ya siku moja au mbili. Kama hawezi kufikia chakula, tumia sahani bapa, iinue kidogo juu ya kitabu. Ukilazimika kuivua ili ale, kaa naye, kisha mrudishie kabla hujainuka.

## Hatua ya 3: Mfunge kwa kanga

Tandika kanga au taulo juu ya meza. Mweke katikati akikupa mgongo, kichwa kiwe ukingoni. Vuta upande mmoja uzungushe mwili wote, miguu ya mbele ikiwa ndani, kisha upande wa pili. Acha nje kichwa na sehemu yenye kidonda tu.

Mtu wa pili amshike mabegani, aongee naye polepole. Usimnyanyue paka mzima kwa ngozi ya shingo. Inamuumiza na kumtia hofu zaidi.

Kazi yote isizidi dakika 10. Akianza kuhema mdomo wazi, acha, mpumzishe, rudi baada ya saa moja.

## Hatua ya 4: Mkande, kigaga kilainike

Hii hufanyika siku 3 za mwanzo, mara 2 au 3 kwa siku.

Chovya gozi kwenye maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwanza kwenye kiganja kwa ndani: yakikuchoma wewe, yatamchoma yeye. Kamua, weka juu ya kidonda kwa dakika 5, chovya upya ikipoa.

Joto huvuta damu mahali hapo na kulainisha kigaga. Usikibandue kwa kucha. Kikilainika kitatoka chenyewe kwenye gozi, na utaona tundu limefunguka tena. Wenye paka wengi wanashtuka wakiona hivyo, wakadhani wameharibu. Hujaharibu: katika siku hizi za mwanzo tundu lililo wazi ndilo unalolitaka, usaha upate njia.

Kama daktari ameweka kimpira cha kutolea usaha, usikivute. Futa kukizunguka tu. Atakitoa mwenyewe, mara nyingi baada ya siku chache.

## Hatua ya 5: Osha

Nawa mikono, vaa glovu.

Siku 2 za mwanzo unaweza kutumia povidoni iliyozimuliwa: mililita 5 kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi. Ikiwa nzito kama kahawa, ongeza maji, kwani inachoma nyama changa. Kuanzia siku ya tatu maji ya chumvi peke yake yanatosha, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

Vuta maji kwenye bomba, shika ncha yake karibu na tundu bila kuichomeka ndani, na usukume taratibu. Osha kutoka juu kwenda chini, maji yachukue uchafu na kuondoka nao. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe.

Tahadhari: maji yakiingia na hayatoki, na ngozi ikaanza kutuna, acha papo hapo. Kuna mfuko chini ya ngozi na unaujaza. Huo unahitaji daktari.

Kidonda kilicho karibu na jicho au sikio, futa kwa gozi yenye maji ya chumvi tu.

## Hatua ya 6: Kausha pembezoni, kiache wazi

Pangusa manyoya yanayozunguka kwa gozi kavu, kwa kugusagusa bila kusugua. Ndani ya kidonda usikaushe. Unyevu kidogo unasaidia nyama kuota.

Manyoya yakiangukia ndani, yapunguze kwa mkasi usio na ncha kali. Kama paka hatulii, mwachie daktari ayanyoe.

Bandeji usifunge nyumbani. Jipu lililopasuliwa linahitaji kutoa, na bandeji ya mguuni ikikazwa kidogo tu inakata damu mpaka kwenye vidole. Kama daktari amefunga mwenyewe, angalia vidole kila asubuhi na jioni: vikivimba, vikipoa au kutanuka, au bandeji ikilowa au kunuka, mrudishe siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Dawa mpaka kidonge cha mwisho

Antibayotiki ya jipu huandikwa kwa siku kadhaa, na paka huchangamka mapema sana kabla dozi haijaisha. Mwenye paka anaona anacheza, anaacha dawa. Vijidudu vilivyobaki vinaanza upya chini ya ngozi iliyokwisha kufunga. Malizia dozi yote.

Kumpa kidonge: inua kichwa kidogo, fungua taya ya chini kwa kidole, dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, msugue koo. Kisha mnyweshe mililita 5 za maji kwa bomba, polepole kwa pembeni ya mdomo, au mpe chakula laini. Usiruke sehemu hii. Vidonge, na hasa doksisaiklini (aina ya antibayotiki), vikikwama kwenye umio wa paka vinauchoma na kuacha kovu linalobana njia ya chakula.

Kabla ya kusaga kidonge au kufungua kapsuli, muulize daktari. Nyingine ni chungu mno, paka anatoa povu na kesho hakusogelei.

## Hatua ya 8: Chakula

Mpe protini: samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, kuku, ini kidogo, yai lililoiva, au dagaa waliochemshwa na kumwagwa maji ya chumvi. Pasha kidogo ili harufu ipande, maana paka mgonjwa hula kwa pua. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu. Vyote vinaharibu damu ya paka.

Paka asiyekula kabisa kwa saa 24 mpigie daktari simu. Kwa paka mnene, kukaa siku chache bila chakula hulijaza ini mafuta, na ugonjwa huo unaweza kumuua hata kama kidonda kimepona.

## Hatua ya 9: Kisome kidonda kila siku

Piga picha kila asubuhi, umbali ule ule, mwanga ule ule. Macho yanayokiona kidonda kila siku hayaoni mabadiliko, picha zinaonyesha.

Siku ya 1 na 2. Usaha kidogo uliochanganyika na damu. Uvimbe unapungua. Paka analala sana, lakini anaamka kula.

Siku ya 3 na 4. Usaha umekwisha. Kinachotoka ni maji mepesi, ya njano angavu au wekundu hafifu, na hayanuki. Ukichungulia unaona nyama nyekundu yenye vipunje, inang'aa, na ikiguswa inatoa damu kidogo. Watu huiita nyama mbovu wakaisugua. Hiyo ndiyo nyama mpya! Iogope nyama ya kijivu, ya kijani au nyeusi.

Siku ya 5 hadi 7. Shimo linapungua kina, kingo zinasogeleana. Punguza kuosha, iwe mara moja kwa siku. Kigaga kikitokea sasa, juu ya kidonda kilichojaa, kisichovimba, kiache.

Siku ya 8 hadi 14. Ngozi changa ya waridi inafunika. Manyoya yatarudi baada ya wiki kadhaa, na pengine pabaki alama.

Jaribio zuri kuliko yote ni kidole. Minya taratibu pembeni ya kidonda: pawe bapa, pawe na joto sawa na upande wa pili wa mwili, na paka asikurupuke. Pakiwa na uvimbe laini unaobonyea kama mfuko wa maji, usaha umerudi, hata kama juu pamekauka vizuri namna gani.

## Mrudishe kwa daktari ukiona haya

- Uvimbe umerudi, au wekundu unatambaa kuzidi jana.
- Harufu ya kuoza, au usaha mzito baada ya siku ya tatu.
- Mabuu, au vijiyai vyeupe kama chembe za mchele kwenye manyoya. Usimwagie mafuta ya taa wala dawa ya wadudu.
- Joto la mwili kupita 39.5. La kawaida ni takriban 38 hadi 39.2.
- Amelegea, anajificha, hali, anatapika, au ufizi umepauka.
- Damu isiyokoma baada ya kuibana kwa gozi dakika 10.
- Siku 14 zimepita na kidonda hakijafunga. Mwombe daktari aangalie kama kuna kipande cha jino kilichobaki, na kama paka ana virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili, ambavyo huambukizwa kwa kuumana.

Mweleze daktari pia kama hujui paka wako aliumwa na nini, na kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humpata paka vilevile.

Na wewe akikuuma wakati wa kumwosha, usipuuze tundu dogo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Meno yaliyomletea jipu paka mwenzake yanaweza kukuletea wewe jipu la mkono, na huko wataamua kama unahitaji chanjo.

## Kama kidonda kimeshonwa

Paka aliyetoka kuhasiwa au kushonwa ana kanuni tofauti: usimkande, usimwoshe, usipake kitu. Kazi yako ni kola, chumba, kumzuia kuruka juu ya makabati, na kutazama mshono mara mbili kwa siku. Uwe mkavu, kingo zimegusana. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa na daktari baada ya siku 10 hadi 14.

## Kuvua kola

Isubiri ngozi ifunge kabisa, halafu ongeza siku 2. Ivue mchana ukiwa umekaa naye. Atajilamba mwili mzima kwa nusu saa au zaidi, na ni haki yake. Akikirudia kidonda mara kwa mara mpaka kikawa chekundu, mvalishe tena kwa siku 2 nyingine, ujaribu upya.

Kama ni dume ambaye hajahasiwa, panga tarehe na daktari kabla hujamfungulia mlango wa nje. Yule paka shume bado yupo ukutani, na dume asiyehasiwa atamfuata usiku huo huo.